Mama anavimba miguu na kukosa pumzi usiku: muulizeni analalaje

Dada uliyeuliza ukiwa Arusha, kwamba mama anavimba miguu, anakohoa usiku na dozi mbili za antibiotiki hazijasaidia: pole sana. Nimesoma nikamwona mama yangu kabisa, na kwake ilikuwa moyo kushindwa kufanya kazi.

Sisi ni wa Kibosho, juu ya Moshi mjini. Mama alikuwa anabeba majani ya ng'ombe kutoka bondeni bila shida. Akaanza kupumzika njiani mara mbili, mara tatu, tukasema umri. Kilichonishtua ni mito. Alilalia miwili, ikafika minne, mwisho akawa analala amekaa kwenye kochi, maana akilala chali anasema anazama. Viatu vya kanisani vikagoma kuingia. Nikambonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale.

Zahanati ya kwanza wakasema nimonia, ya pili pumu, akapewa na dawa ya kuvuta. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Linaniuma hadi leo. Moyo ukishindwa kusukuma damu inavyotakiwa, maji hujaa miguuni mchana, na ukilala yanapanda mapafuni.

Hospitali ya KCMC, Moshi, walimpima presha ikasoma 180 kwa 110, wakapiga picha ya kifua, wakapima umeme wa moyo na damu kuangalia figo, kisha eko, yaani altrasaundi ya moyo. Eko ndiyo iliyomaliza ubishi: chumba cha kushoto cha moyo kimetanuka, kila pigo kinatoa asilimia 30 tu ya damu, wakati kawaida ni zaidi ya 50. Chanzo ni presha, aliyokuwa nayo miaka mingi akimeza dawa siku kichwa kikiuma tu. Kwa wengine chanzo ni mishipa ya moyo kuziba, au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Hata ujauzito: aliyejifungua karibuni akikosa pumzi, jamani msimwambie ni uchovu wa uzazi.

Mpeleke akapigwe eko wiki hii. Akihema kwa shida hata amekaa, mpeleke hospitali usiku huo huo. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya magoti, achana nayo, inashikilia maji mwilini na kuumiza figo. Beba dawa zote anazomeza.

Mama yangu sasa tunampima uzito kila asubuhi kabla ya chai. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu tunarudi kliniki. Ukipata majibu ya eko, andika hapa hapa, nitakusoma.