Papi wa German Shepherd: kabla hujatuma hela, kamwone mama yake

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Ihumwa hapa Dodoma, nina watoto wawili wadogo, nataka German Shepherd wa kulinda nyumba. Nimepata wauzaji wawili. Wa kwanza yuko Arusha, papi wake wana wiki 5, laki 4, anasema nitume nusu afu anampakia kwenye basi, na kadi ya chanjo imeshajaa. Wa pili yuko Kisasa, hapa hapa Dodoma, anataka laki 7 na nusu, hatoi papi mpaka wafikishe wiki 8, na ananihoji kama polisi, mpaka kaniuliza kama nishawahi kufiwa na mbwa hapo nyumbani. Sikumwambia, ila mwezi wa pili papi wangu alikufa kwa kuharisha damu. Nichukue kwa nani, na nitajuaje kama ni orijino?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa huyo papi, najua watoto walilia.

Wa Arusha achana naye. Sio kwamba Arusha hakuna wafugaji wazuri, wapo, shida ni hizo wiki 5 na hiyo kadi. Papi anaanza chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua papi, akiwa na wiki 6 mpaka 8, anarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa inakuja kwenye miezi 3. Sasa wa wiki 5 kadi yake imejaaje? Ama mtu kakaa na kalamu akajaza tu, ama wamechomwa mapema mno, na hapo chanjo inakutana na kinga ambayo papi kainyonya kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, ile kinga inaizima chanjo kabla haijafanya kazi, baada ya wiki kadhaa kinga ya mama nayo inaisha papi anabaki mtupu na wewe umeshika kadi unajiamini. Kadi ya kweli ina ile lebo inayobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na pembeni yake sahihi na muhuri wa daktari. Chukua namba ya huyo daktari umpigie, hakuna ubaya wowote. Nishaletewa Rottweiler mdogo kutoka Nkuhungu, kadi ina chanjo tatu zenye mwandiko mmoja, wino mmoja, tarehe zimepishana siku saba saba, siku ya nne toka anunuliwe papi akafa mikononi mwangu, na mwenye mbwa bado ananiambia "lakini dokta kachanjwa".

Halafu wiki 5 ni mapema kumtoa kwa mama. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 ndio anacheza na ndugu zake, akimng'ata mwenzie kwa nguvu mwenzie analia anaacha kucheza, hivyo ndivyo anavyojifunza kupima meno yake. Ukimkatiza hapo unapata mbwa anayeng'ata bila kipimo, na wewe una watoto wadogo. Ongeza safari ya kutwa nzima kwenye buti la basi na joto letu hili, hata papi mzima anafika hoi.

Huyo wa Kisasa anayekuhoji ndio mtu unayemtaka. Mwambie ukweli wa mwezi wa pili, tena mwambie kabla hujalipa. Papi kuharisha damu mara nyingi ni parvo, na kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka kinafika, hasa kivulini. Uani kwako huenda bado kipo, ndio maana kauliza. Sementi na vigae osha kwanza kwa sabuni vitakate, afu mwagia jiki, kikombe 1 kwa vikombe 20 vya maji, iache dakika 10 ndio usuuze. Vyombo vya zamani, blanketi na boksi choma. Kwenye udongo jiki haisaidii, kwa hiyo papi mpya asikanyage hiyo ardhi mpaka amalize chanjo ya wiki 16, akae ndani au kwenye baraza uliyoosha, na ukitaka azoee watu na kelele mbebe mkononi mtembee nae. Au mwombe muuzaji akae nae mpaka amalize chanjo, umlipe chakula, mi ningefanya hivyo.

Kuhusu uorijino, watu wanaangalia masikio, yani papi masikio yamelala wanasema huyu chotara. Hapana. German Shepherd wa wiki 8 masikio kulala ni kawaida kabisa, wengine yanasimama miezi 3, wengine mpaka 6. Usimkatae kwa hilo. Na karatasi za ukoo wa mbwa, kama anazo, mfano za East Africa Kennel Club, chama cha kusajili mbwa cha Nairobi, uliza kama mbwa ana chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, na namba yake ifanane na iliyoandikwa, bila hivyo karatasi inaweza kuwa ya mbwa mwingine. Wengi hapa Dodoma hawana karatasi na bado wana mbwa wazuri, kwa hiyo mama ndio karatasi yako. Ukifika akikwambia mama kaenda shambani, au yuko kwa shemeji, ondoka.

Ukimwona mama mwangalie akiinuka kutoka kulala. Mbegu hii ina ugonjwa wa nyonga wa kurithi, mbwa anainuka kwa shida, akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote kwa pamoja kama sungura. Uhakika unapatikana kwa eksirei ya wazazi wakiwa wamekomaa, uliza kama wamepigwa, na kama hawajapigwa omba namba za watu walionunua uzao uliopita uwaulize mbwa wao wanatembeaje sasa hivi. Muuzaji mzuri anazo. Muulize pia dume ni wa nani, maana wengine wanapandisha kaka na dada wa banda moja, na muulize mama kazaa mara ngapi. Jike anapata joto kama mara mbili kwa mwaka, anayepandishwa kila joto utamwona, mbavu nje na matiti yamening'inia.

Papi wenyewe kagua haraka: macho na pua visitoe uchafu, chini ya mkia pasafi, kupe angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole. Tumbo kama ngoma mara nyingi ni minyoo, inapita kwa mama hata kabla hawajazaliwa, dawa walitakiwa waanze wakiwa na wiki 2.

Nenda asubuhi kabla jua halijakaza, jua likishakuwa kali mbwa wote wanalala na huoni kitu. Mkikubaliana andikishaneni kwamba daktari wako akimkuta na tatizo ndani ya siku 3 unamrudisha na hela yako unapewa, afu mlete nimpime siku hiyo hiyo kabla hajafika Ihumwa, na kwenye chumba cha kusubiria usimshushe chini, mpakate mpaka nikuite.