Kukubali mageuko ya viumbe: ni imani au ushahidi?
Ndugu, umeuliza kama anayekubali nadharia ya mageuko (kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi) haongozwi na imani sawa na muumini wa dini, kwa kuwa hakuna aliyeyashuhudia. Nakubali kwamba wengi wetu hatujapima chochote wenyewe, bali tunawategemea watafiti (ambao nao hubishana sana). Hata hivyo, tegemeo hilo lina sharti: dai lazima liweze kukaguliwa na, likishindwa, kuachwa.

Chukua seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba jeni ya ugonjwa huo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni adimu katika nyanda za juu. Akakisia kwamba anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria, na ndiyo sababu uteuzi asilia (yaani wenye sifa zinazowafaa huishi na kuzaa zaidi, na hivyo ndivyo mageuko yanavyotokea) haukuifuta, ingawa anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua; matokeo aliyachapisha mwaka 1954. Lau jeni hiyo ingeonekana kwa wingi kwenye baridi kusiko na mbu, dhana yake ingeanguka. Wengine walipima tena, na kinga dhidi ya malaria kali ikathibitika.

Kama Mungu ndiye aliyeuweka utaratibu huo ni swali jingine, ambalo vipimo vya damu haviwezi kulijibu.