Maswali ya Wasomaji: Waliokabili ajali za nyuklia, na heshima waliyopewa

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, hapa kwetu Kilifi, tangu yalipoanza mazungumzo ya kujenga kinu cha umeme wa nyuklia huko Uyombo, habari za Chernobyl haziishi barazani. Mzee wetu mmoja husimulia juu ya wanaume watatu waliopiga mbizi chini ya kinu kilichokuwa kikiyeyuka, wakafungulia maji yaliyoleta hatari, kisha wote watatu wakafa baada ya siku chache. Je, kisa hicho ni cha kweli? Na nchi yao iliwaenzi vipi? — Msomaji, Kilifi.

JIBU: Wanaume hao walikuwapo na kazi waliyoifanya ni ya kweli, lakini hawakufa baada ya siku chache. Majina yao ni Alexei Ananenko na Valeri Bezpalov, waliokuwa wahandisi, na Boris Baranov, aliyekuwa msimamizi wa zamu. Kinu namba 4 cha Chernobyl, katika Ukraine iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, kililipuka usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986. Siku kumi baadaye wataalamu walikuwa wakihofu kwamba ule uji wa moto wa kinu kilichoyeyuka ungetoboa sakafu na kuangukia hodhi kubwa la maji lililokuwa chini yake, mvuke ukalipuka na kutawanya mionzi upya. Maji hayo yalipaswa kuondolewa, na vali za kuyafungulia zilikuwa katika ujia wa chini uliokwisha kufurika. Wazimamoto walitangulia kuyavuta maji ya ujia huo kwa pampu, na ndiyo maana watatu hao, walipoingia na mavazi ya kuogelea, tochi na vipima mionzi, walikwenda kwa miguu majini wala hawakuhitaji kupiga mbizi. Walizipata vali, wakazifungua, wakatoka wakiwa hai. Baranov alifariki mwaka 2005 kwa maradhi ya moyo. Wenzake wawili walikuwa wangali hai mwaka 2018, serikali ya Ukraine ilipowatunuku wote watatu Nishani ya Ushujaa, ile ya Baranov ikitolewa baada ya kifo chake.

Hesabu miaka hiyo, ndugu msomaji: 32 ilipita kati ya kazi na nishani. Wakati huo wote kisa chao kilizunguka dunia kikiwataja kama marehemu, na mimi naliona jambo hilo kuwa ni kuwakosea heshima kulikojificha ndani ya sifa, kwa sababu mtu aliye hai ana mahitaji ya dawa, pensheni na kusikilizwa, ilhali aliyekwisha kutangazwa kuwa marehemu hadaiwi chochote ila kutajwa kwa wema.

Ukitaka kuona jinsi heshima ilivyogawanywa bila usawa, watazame waliokuwapo usiku ule wenyewe. Luteni Volodymyr Pravyk na Luteni Viktor Kibenok, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 23, waliongoza vikosi vya kwanza vya zimamoto vilivyopanda kuzima moto juu ya mapaa, wakikanyaga vipande vilivyorushwa kutoka ndani ya kinu. Wote wawili walifariki hospitalini Moscow tarehe 11 Mei 1986. Kabla mwaka ule haujaisha walitangazwa kuwa Mashujaa wa Muungano wa Kisovieti, pamoja na mkuu wao, Meja Leonid Telyatnikov, aliyenusurika na kuishi hadi mwaka 2004. Heshima hiyo waliistahili kikamilifu.

Lakini siku ile ile aliyofariki Pravyk, na katika mji ule ule wa Moscow, alifariki pia Aleksandr Akimov, msimamizi wa zamu katika kinu namba 4, na siku tatu baadaye akamfuata kijana Leonid Toptunov, mwenye umri wa miaka 25, aliyekuwa ameshika usukani wa kinu. Hawa wawili, baada ya mlipuko, hawakukimbia. Walishuka wakafungua vali kwa mikono yao ili maji yafike kwenye kinu, wakiamini kwamba kinu bado kipo, na hapo ndipo walipopata mionzi iliyowaua. Hawakupewa nishani yoyote wakati huo. Walitajwa kuwa wakosaji, na kesi dhidi yao haikuendelea kwa sababu tu walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka 1992 ripoti ya washauri wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ilisahihisha maelezo ya awali, ikaonyesha kwamba kasoro za muundo wa kinu chenyewe, ambazo waendeshaji hawakuelezwa, zilichangia sana ajali ile. Hata baada ya hapo ilipita miaka 16 mingine, hadi mwaka 2008, ndipo Ukraine ilipowapa Akimov na Toptunov Nishani ya Ushujaa. Wazazi wao walikuwa wamezika watoto wao na sifa zao kwa pamoja, na ni vigumu kwangu kufikiria uchungu uliozidi huo.

SWALI: Nilisoma zamani juu ya “Hamsini wa Fukushima” huko Japani. Mbona sijawahi kuona orodha ya majina yao wala picha zao, kama tunavyowaona mashujaa wengine? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Kwanza, hawakuwa hamsini. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilileta tsunami iliyogharikisha jenereta za dharura za kituo cha Fukushima Daiichi, mitambo ya kupoza ikakosa umeme, na vinu vitatu vikayeyuka. Asubuhi ya tarehe 15 Machi wafanyakazi zaidi ya 600 waliondolewa, wakabaki watu wapatao 70. Waandishi wa habari wa nje ndio waliowapa jina la “Hamsini”, na jina likaganda ingawa siku zilizofuata mamia walirudi kituoni kwa zamu. Msimamizi wa kituo, Masao Yoshida, aliagizwa na wakubwa wake asitishe kumwagia maji ya bahari katika kinu namba 1, naye akaendelea kuyamwaga. Alifariki Julai 2013 kwa saratani ya umio, akiwa na umri wa miaka 58. Kampuni yake ilisema ugonjwa huo haukutokana na mionzi ya ajali.

Kuhusu majina na picha, sababu inasikitisha. Wengi wao walikuwa waajiriwa wa kampuni ile ile iliyolaumiwa na taifa zima, na wengi walikuwa wenyeji wa Fukushima waliopoteza nyumba zao kwa mafuriko au kwa amri ya kuhama. Mtu alitoka zamu akiwa amebeba dozi ya mionzi, akakutana na matusi ya watu waliomwona kuwa mmoja wa waliosababisha msiba. Oktoba 2011 Hispania iliwapa “Mashujaa wa Fukushima” Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias, na waliokwenda katika mji wa Oviedo, Hispania, kuipokea walitoka polisi, zimamoto na jeshi. Mwaka mmoja baadaye Waziri Mkuu wa Japani, Yoshihiko Noda, alipokutana na baadhi ya waliobaki kituoni ili awashukuru, wengi wao hawakutaka kutambulishwa hadharani, kwa kuhofia watu wa nyumbani mwao wangeandamwa. Kwa hiyo tusiudhike kwamba hatuna orodha. Aliyechagua kufichwa kwa ajili ya wanawe anaheshimiwa kwa kuachiwa uchaguzi wake.

SWALI: Mimi ni askari wa zimamoto. Nishani ni jambo jema, lakini haimsomeshi yatima. Wenzetu hao walipewa nini kingine? — Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Afande, swali lako ndilo kiini cha mazungumzo haya yote. Baada ya Chernobyl watu wapatao 600,000, wakiwemo askari, wachimbaji, madereva, madaktari na rubani wa helikopta, walitambuliwa kwa vyeti kuwa walishiriki kuyadhibiti madhara ya ajali. Walitunukiwa medali yenye tone la damu lililopitiwa na mistari ya mionzi ya alfa, beta na gama. Vyeti hivyo viliambatana na haki ya pensheni, matibabu na nafuu nyingine. Kisha Muungano ukavunjika, hazina zikakauka, na haki zikapunguzwa kidogo kidogo, hata mwaka 2011 wastaafu hao walionekana katika mitaa ya Kyiv na Donetsk wakipinga kukatwa malipo yao, medali zikiwa vifuani.

Japani ilichukua njia nyingine, yenye faida na upungufu wake. Wakati wa dharura kiwango kilichoruhusiwa kwa mfanyakazi kilipandishwa kutoka milisiveti 100 (kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini) hadi 250, na wafanyakazi sita walikipita hata hicho kipya, mmoja wao akifikia 678. Tunazijua tarakimu hizo kwa sababu dozi ya kila mtu iliandikwa daftarini, ingawa siku za mwanzo vipima mionzi vingi viliharibiwa na maji na baadhi ya watu walilazimika kutumia kimoja kwa kundi zima. Yeyote atakayejenga kinu, Uyombo au kwingineko, aulizwe mapema kama daftari hilo litawahusu vibarua wa makandarasi sawasawa na waajiriwa wa kudumu, maana huko Japani sehemu kubwa ya kazi ngumu ilifanywa na wa makandarasi.

Daftari ndilo linalomlinda mjane kuliko medali. Mwaka 2015 serikali ya Japani ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba saratani ya damu ya mfanyakazi mmoja wa Fukushima ilitokana na kazi yake baada ya ajali, akalipwa fidia. Septemba 2018 ikakubali kifo cha kwanza, cha mwanamume wa umri wa miaka hamsini na kitu aliyeugua saratani ya mapafu. Dozi yake ilikuwa imeandikwa, jumla ya milisiveti 195, na familia yake ikalipwa. Kazi aliyopewa mtu huyo pale kituoni, mara baada ya vinu kuyeyuka, ilikuwa kupima mionzi.