Kabla ya Kuvuta Uso, Uliza Kinachovutwa

Tangu nifanyiwe upasuaji wa kuvuta uso uliolegea, mashoga zangu wa Nyali na Kisauni hapa Mombasa hawaishi kuniuliza bei. Swali la kwanza ni jingine: daktari atavuta nini?

Ngozi peke yake ikivutwa hulegea tena upesi, na kovu hutanuka kwa kubeba mzigo wote. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 wapasuaji hukaza utando na misuli iliyo chini yake, kisha ngozi hulazwa juu na iliyozidi hukatwa. Wengine huingia chini zaidi na kuliinua tabaka lote, ngozi na utando wake, kwa pamoja. Shavu hupanda vizuri, ila mishipa ya fahamu ya uso iko jirani, kwa hiyo mkono uwe wa mzoefu. Upasuaji mdogo wa mkato mfupi unamfaa aliyeanza kulegea taya tu, si mwenye shingo iliyoshuka. Nyuzi za kuinulia ngozi, zisizohitaji kisu, sikuzitaka: kazi yake ni ndogo na haidumu. Na mikunjo ya paji la uso haiguswi na lolote kati ya haya.

Kama ulitoga masikio pakaota keloidi, yaani kovu nene lililovimba, mwambie daktari, maana mkato hupita mbele na nyuma ya sikio. Mkorogo pia usiufiche. Mkorogo wenye steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba na kidonda kichelewe kupona. Sigara na shisha ziachwe angalau wiki 4 kabla, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya damu na ngozi inaweza kufa. Presha nayo itulizwe kwanza.

Baada ya upasuaji, jiandae kutotamanika. Mtaani waliambiwa nimesafiri! Uvimbe na weusi wa damu huchukua wiki 2 hivi kupungua, ganzi ya mashavu huweza kukaa miezi. Mwenye harusi mwezi huu asithubutu. Jua letu la Pwani huligeuza kovu jipya kuwa jeusi, na hapo mtandio una faida yake.

Jina la daktari litafute kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, uone kama ni bingwa wa upasuaji huo. Ukifanyiwa Nairobi, usikimbilie treni ya SGR ya kurudi Mombasa kesho yake. Damu kuvilia chini ya ngozi hutokea zaidi saa 24 za mwanzo: upande mmoja ukivimba ghafla na kuuma, unatakiwa uwe karibu na aliyekupasua, si Voi ndani ya treni.