Kingamwili ya sitokromu c: bloti inaonyesha, darubini haionyeshi

Ndugu, umesema kingamwili yako ya sitokromu c (protini ya mitokondria) inatoa mstari safi kwenye bloti, yaani utando wenye protini zilizotenganishwa kwa ukubwa, lakini haionyeshi kitu chini ya darubini, tena mstari una unene uleule katika seli zilizotiwa dawa na zisizotiwa. Kwa niliyoyaona maabara, hizo si dalili za kingamwili mbovu.

Kwenye bloti protini imekwisha kukunjuliwa na sabuni kali ya SDS pamoja na joto, ilhali chini ya darubini bado ina umbo karibu na lile la asili. Kingamwili hizi huuzwa kwa kloni, yaani aina zitokazo kwenye ukoo mmoja wa seli: kloni 7H8.2C12 hutambua sitokromu c iliyokunjuliwa, na 6H2.B4 huitambua ikiwa na umbo lake. Angalia kwanza unayo ipi.

Unene usiobadilika si ajabu. Apoptosisi, yaani kifo cha seli kilichopangwa, inapoanza, kinachobadilika ni mahali ilipo sitokromu c, wala si wingi wake: hutoka kati ya tando mbili za mitokondria, ikaingia kwenye sitoplazimu, ikashikamana na protini Apaf-1 na kuamsha kaspasi-9, kimeng'enya cha kukata protini. Ukisaga seli nzima, unaufuta ushahidi huo. Toboa utando wa seli kwa dijitonini kidogo (sabuni laini), tenganisha mitokondria na sitoplazimu kwa sentrifyuji, kisha upime kila sehemu peke yake, ukitumia kingamwili ya VDAC au COX IV, protini za tando za mitokondria, kuhakiki kwamba mitokondria hazikubaki kwenye sehemu ya sitoplazimu. Hapa wengi hupumzika mapema mno, kwa sababu VDAC imo ndani ya utando wenyewe na haitakuambia kama dijitonini ilizidi ikautoboa utando wa nje wa mitokondria. Hilo utalijua tu kwa seli zisizotiwa dawa, zilizopitishwa njia ileile siku ileile: sitokromu c ikionekana kwenye sitoplazimu yake, dijitonini ilizidi.

Tahadhari kama hiyo inaihusu Bax, protini inayotoboa utando wa nje wa mitokondria wakati wa apoptosisi. Kloni 6A7 hutambua Bax iliyokwisha kubadili umbo, lakini sabuni za Triton X-100 na NP-40 huibadilisha zenyewe, hata katika seli zenye afya. Kwa kuinasa kutoka kwenye seli zilizosagwa, sabuni ya CHAPS ndiyo salama.

Kabla ya kutamka kwamba seli zinakufa kwa apoptosisi, mimi hutaka pia kuona kaspasi-3 iliyokatwa, yenye vipande vya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 17 na 19, na PARP, protini ambayo kaspasi huikata, ikishuka kutoka kilodaltoni 116 hadi 89. Na kwa kuwa sitokromu c ina takriban kilodaltoni 12 tu, tumia utando wa bloti wenye matundu ya mikromita 0.2; ule wa 0.45 huipitisha kirahisi.