Colt waliacha kuwauzia raia, na mimi niache mageti nikimbilie tenda?

Swali: Shikamoo dada mhandisi. Nina karakana ya kuchomelea hapa Tabata, tuko wanne, tunapiga mageti, grili na vitanda vya chuma. Juzi nimesoma kwamba Colt, wale watengeneza bunduki wa Marekani, mwaka 2019 walisimamisha kuwatengenezea raia raifo za AR-15, zile zinazofanana na za jeshi, wakabaki na oda za jeshi na polisi. Sijaelewa, kule raia si ndo wanunuzi wenyewe? Walilazimishwa au ni hesabu tu? Na mashine wanafanyaje, wananunua zingine? Nauliza kwa sababu kuna jamaa ananishawishi niachane na mageti ya mtaani nijikite kwenye madawati ya tenda.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikiri bunduki sijawahi hata kuishika, mimi napanga uzalishaji kwenye kiwanda cha plastiki Chang'ombe, ndoo, mabeseni na viti vya harusi, ila swali lako liko mule mule kwenye kazi yangu, maana itoke bunduki au litoke beseni, mtu wa nafasi yangu anaamka asubuhi anaangalia kitu kimoja, saa za mashine. Leo zipo ngapi, nani anazitaka, na nani analipa.

Hakuna aliyewalazimisha. Watu walidhani ni siasa kwa sababu ya tarehe. Agosti 2019 kulikuwa na mauaji ya El Paso, Texas, watu zaidi ya 20 walikufa kwenye duka la Walmart, Septemba mgombea mmoja wa urais, Beto O'Rourke, akasema kwenye mdahalo kwamba AR-15 atazichukua mikononi mwa watu, haijapita hata wiki mbili Colt nao wakatoa tangazo lao, basi kila mtu akasema hao wameogopa. Lakini bosi wao wa wakati huo, Dennis Veilleux, alieleza kibiashara kabisa: soko la bunduki za aina hiyo limefurika, viwanda vina uwezo wa kutengeneza kuliko wateja waliopo, na oda kubwa za jeshi na polisi zinakula nafasi yote waliyonayo ya kutengeneza raifo. Bastola na rivolva waliendelea kuwauzia raia kama kawaida, kwa hiyo duka halikufungwa, rafu moja tu ndo iliachwa.

Na kufurika kweli kulikuwepo. Colt walinunua ramani ya hiyo bunduki kwa kampuni ya ArmaLite mwaka 1959, hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yao, zikaisha muda wake miaka ya 70, tangu hapo kila mwenye mashine anatengeneza ya kwake, kama mageti yenu ya maua tu, ukitoa dizaini leo keshokutwa iko Gongo la Mboto. Afu 2016 watu walinunua kwa hofu kwamba Hillary Clinton akishinda urais atabana sheria za bunduki, akashinda Trump, hofu ikaisha na foleni ikaisha. Raia wa kule, kwa makadirio ya watafiti wa silaha wa Small Arms Survey, wana bunduki milioni 393 hivi, zinazidi idadi ya watu, sasa mtu anazo tatu kabatini utamuuziaje ya nne kwa bei nzuri wakati hana wasiwasi wowote? Huku kwetu ya kwanza yenyewe mpaka kibali cha polisi, kwa hiyo soko lao lisikuchanganye.

Mashine sasa, hapa ndo penye utamu. AR-15 ya raia na M4, raifo fupi ya jeshi, ni mtu na mdogo wake. Ya jeshi mtutu wake inchi 14.5, ya raia kawaida haipungui 16 kwa sababu ya sheria yao ya zamani ya 1934, na mfumo wa triga ni tofauti kwa vile bunduki mpya ya kufyatua mfululizo raia alikatazwa tangu 1986. Zaidi ya hapo sehemu nyingi zinafanana, bodi ya aluminiamu inachongwa na mashine zile zile za kompyuta, fundi yule yule, geji zile zile. Kwa hiyo kwao kuhama soko sio kubomoa kiwanda, kwa kiasi kikubwa ni kubadilisha karatasi ya kazi asubuhi. Ndo maana waliweza kutoka haraka hivyo, na ndo maana hata kurudi haikuwa shida kwa upande wa mashine.

Kwetu sisi sio rahisi hivyo. Kubadilisha moldi, yaani kalibu, ya beseni kuweka ya ndoo ya lita 20 inabidi winchi ije, mafundi wawili wafungue bolti, wachomoe mipira ya maji ya kupozea, waifunge mpya, wawashe hita wasubiri, na ukiwasha ndoo za kwanza zinatoka na masikio pembeni au mkono umekatika, zote zinarudi kwenye krasha kusagwa. Siku fundi akiwa mzuri ni masaa matatu, siku bolti imeota kutu shifti nzima imekwenda. Wewe na gesi yako ya kuchomelea una bahati, ukitoka kwenye geti kwenda dawati unabadilisha jigi ya kushikia vipande na urefu wa kukata bomba basi.

Kwa hiyo mashine isikutishe, mashine inahama. Kinachouma ni vingine viwili.

Cha kwanza ni kwamba mteja mmoja mkubwa akikohoa unaugua wewe. Colt hao hao walishaonja. 1988 oda ya M16, raifo ya jeshi, ilienda kwa washindani wao FN wakati wafanyakazi wa Colt wako kwenye mgomo. Wakabaki na M4, 2013 nayo FN wakaipata, na 2015 mwezi wa sita Colt wakaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, madeni yalishawaelemea. Halafu miaka minne baadaye ndo unasikia wameamua kujikita serikalini tena. Sisemi walikosea, oda ikiwepo mezani unaichukua, ila ujue walikuwa wanarudi kwenye nyumba iliyowahi kuwaungulia.

Cha pili, rafu haikai wazi ikikusubiri. Hili nililipata mwenyewe. Kuna mwaka tulipata oda kubwa ya ndoo na mabeseni kutoka taasisi fulani, siitaji, tukasimamisha vikombe na sahani za Kariakoo kama miezi minne hivi. Wale wa Mtaa wa Kongo ni wasumbufu, wanataka mali kauli, wanapunguza bei mpaka unatamani kulia, lakini jioni wanakutumia hela kwenye simu. Taasisi ikapokea mzigo, ikasaini, tukakaa miezi saba ankara iko "kwa mhasibu". Nilipomrudia dada mmoja wa jumla na sampuli zangu za vikombe alininyooshea kidole rafu ya juu tu, pale walipokuwa wanakaa vikombe vyetu pamejaa vya mtu mwingine, akaniambia "nilikupigia mara ngapi mpenzi wangu?" Ilituchukua zaidi ya mwaka kurudi, tena kwa kushusha bei.

Colt bahati iliwabeba, 2020 korona na vurugu za kule zikaamsha hofu upya, maombi yanayopelekwa FBI ya kukagua wanunuzi wa silaha yakaruka kutoka milioni 28 na ushee mwaka 2019 mpaka karibu milioni 40, wakarudi sokoni, 2021 wakanunuliwa na CZ, watengeneza silaha wa Jamhuri ya Czech, na sasa wanauza kote kote. Wewe usipange biashara kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Kuhusu jamaa yako, muulize dawati moja linakula dakika ngapi za kuchomelea na geti moja linakula ngapi, afu gawa faida kwa dakika, sio faida kwa kipande, utashangaa. Kwenye bei ya dawati toa ile asilimia 2 ya kodi ya zuio inayokatwa serikali ikikulipa, toa na riba ya hela utakayokopa kununua bomba wakati unasubiri malipo, mimi ningeweka miezi sita hata kama mkataba unasema siku 30. Kama bado inalipa, ingia NeST, ule mfumo wa serikali wa tenda mtandaoni, ujisajili, na kama mko vijana sajilini kikundi kabisa maana kuna ile asilimia 30 ya tenda iliyotengewa makundi maalumu. Ila chukua oda inayojaza watu wawili kati ya wanne. Wawili wengine wabaki na mageti, na yule mama wa Kinyerezi anayekuletea majirani zake simu yake upokee hata ukiwa juu ya dawati la mia tatu.