Maswali ya Wasomaji: Panya anajua nini kuhusu mabega ya mwanangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Tukuyu na mwanangu yuko darasa la nne. Utosi wake ulichelewa mno kufunga, na hata leo ukiupapasa unasikia pamebonyea. Akitaka kuwachekesha wenzake huyakutanisha mabega mbele ya kifua mpaka yanakaribia kugusana. Alipopigwa picha ya eksirei tuliambiwa kwamba mitulinga yake haikukamilika kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo RUNX2, na kwamba kazi ya jeni hiyo ilijulikana kwa kuchunguza panya. Nyumbani maneno yamekuwa mengi, maana ukweni wanasema kasoro hii imetoka kwetu. Naomba kueleweshwa: panya anayetutafunia mahindi darini anajua nini kuhusu mabega ya mwanangu?
Mama wa Tukuyu

JIBU: Pole kwa maneno ya nyumbani, mama, tutayafikia. Tuanze na huyo panya, ambaye kwa kweli ni ndugu wa karibu wa yule wa darini kwako. Panya weupe wa maabara wametokana na panya wadogo wa majumbani, si panya buku. Yeye nasi tumeachana kwa mengi, lakini jeni ya RUNX2 tunayo sote, na protini inayotokana nayo inafanana sana kwake na kwetu.

Protini hiyo haijengi mfupa kwa mikono yake. Ni kama mnyapara kwenye eneo la ujenzi: habebi tofali hata moja, bali huamuru nani abebe na lini. Hujishika kwenye DNA ndani ya kiini cha seli na kuziamuru jeni nyingine zianze kusomwa, hasa zile zinazoifanya seli changa kuwa seli ya kujenga mfupa.

Namna bora ya kujua umuhimu wa mnyapara ni kumwondoa uone kazi inavyokwenda. Wanasayansi hufanya hivyo kwa kuizima jeni katika seli shina za kiinitete cha panya, yaani seli changa zinazoweza kuwa seli za aina yoyote mwilini, kisha kuzalisha panya mpaka wapatikane watoto waliokosa jeni hiyo kabisa. Waasisi wa mbinu hiyo, Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Jeni ya RUNX2, wakati huo ikiitwa Cbfa1, ilizimwa na kundi la Japani na kundi jingine la Ulaya, na matokeo yao yakachapishwa pamoja mwaka 1997. Panya hao walizaliwa wakiwa na umbo la panya, wana miguu, mbavu na mkia. Lakini mifupa yao ilipotiwa rangi mbili, moja inayogeuza gegedu, ile sehemu laini inayopindika kama ya sikio, kuwa la bluu na nyingine inayogeuza sehemu ngumu kuwa nyekundu, karibu kiunzi chote kilibaki bluu. Gegedu lilikuwepo, mfupa haukuwepo. Walikufa mara tu baada ya kuzaliwa, kwa kuwa hawakuweza kupumua.

Ila mwanao hafanani na hao, bali na ndugu zao. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama, na panya waliozimwa nakala moja tu waliishi, wakakua, wakawa na mitulinga mifupi isiyokamilika na utosi uliochelewa kufunga. Mwaka huohuo hitilafu za jeni hiyo zilipatikana kwa watu wenye hali kama ya mwanao. Mnyapara nusu anatosha kwa mfupa wa paja, ambao huanza kama gegedu, lakini hatoshi kwa mifupa ya juu ya kichwa na sehemu kubwa ya mtulinga, ambayo hujengwa moja kwa moja bila kupitia gegedu.

Kuna mahali panya hatusaidii sana, napo ni kinywani. Panya huota meno mara moja tu maishani, hana meno ya utoto ya kung'oka. Kwa watu wenye hali hii, meno ya utoto hugoma kung'oka, ya ukubwani hukwama ndani ya taya, na mara nyingi huwa na mengine ya ziada yasiyohitajika. Mwanao akiwa darasa la nne, huu ndio wakati wa kumwona daktari wa meno, kabla taya halijakomaa. Ukiambiwa usubiri ya ukubwani yaote yenyewe, omba apigwe picha ya taya. Mpimishe masikio pia, kwa sababu watoto hawa huugua masikio mara kwa mara. Akili yake haihusiki.

Sasa maneno ya ukweni. Hali hii ilielezwa na madaktari wa Ufaransa, Marie na Sainton, tangu 1898, na huko Cape Town kuna ukoo mkubwa ulioirithi kutoka kwa mtu mmoja aliyetoka China. Mzazi mwenye hitilafu humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe baba au mama. Lakini wagonjwa wengi wamezaliwa na wazazi wasio nayo, kwa badiliko jipya lililotokea katika yai au mbegu, ambalo hakuna aliyelisababisha kwa chakula wala kwa tabia. Wapo pia watu wazima wenye hali hii kwa kiasi kidogo ambao hawajawahi kujijua. Kwa hiyo papasa mitulinga yako kutoka shingoni hadi begani, uone kama imekatika mahali, kisha mwombe baba yake naye apapase yake.